Nchi Iliyokatazwa Kusema Ila

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Anayetaka kuitafuta kwenye ramani aitafute, atachoka mwenyewe. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri hamsini na wanane, lakini haipo, na kama yuko msomaji atakayeona inafanana na mahali anapopajua, hilo ni jicho lake na asimsumbue mtu.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu likitafuta chanzo cha umaskini. Siku ya kwanza liligundua kwamba si mawaziri. Siku ya pili lilithibitisha. Siku ya tatu Mheshimiwa Gerevasi Mbunju, Waziri wa Lugha za Wenzetu, alisimama, akafuta midomo kwa leso, akasema amekipata: wananchi hawajui Kiingereza cha kila siku.

"Mwenzetu wa ng'ambo akiamka tu, anakisema," alieleza. "Sisi tunaamka tunapiga miayo. Maendeleo yatatoka wapi?"

Wenzake walipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Ujumbe wa watu kumi na tisa ukaundwa papo hapo kwenda kukichukua hicho Kiingereza kwa wenyewe.

Ujumbe ulikaa ng'ambo siku kumi na nne. Kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, haukutoka hotelini. Wajumbe waligawana kazi kizalendo: wengine walisikiliza mapokezi, wengine chumba cha kulia, wengine kando ya bwawa la kuogelea, na Mheshimiwa Waziri alifanya utafiti wake kitandani. Kila walichosikia kinasemwa walikiandika. Walirudi na misemo themanini na minne pamoja na majoho ya kuogea kumi na tisa. Majoho walibaki nayo, misemo wakawapa wananchi, katika kitabu chenye jalada la kung'aa kilichoitwa Kiingereza cha Kila Siku cha Mwananchi.

Msemo Namba Nne ulikuwa *Mo kofi, pliz*, wa kuomba kuongezewa kahawa. Namba Kumi na Saba ulikuwa *Wea iz the swimingi puli*, wa kuuliza bwawa la kuogelea liko wapi, na hii ni nchi ambayo watu wake walikuwa wakiuliza kisima kiko wapi. Hapakuwa na msemo wa mvua kuchelewa, wala wa jembe kuvunjika, wala wa mtoto kuharisha. Katika zile siku kumi na nne hakuna mjumbe aliyelima wala aliyeuguza mtoto, kwa hiyo mambo hayo hayakuhesabiwa kuwa ya kila siku.

Sheria iliyofuata ilikuwa fupi. Ofisi ya serikali haitamhudumia mtu isipokuwa kwa msemo uliomo kitabuni. Ukurasa wa kushoto umeandikwa anachosema mwananchi, ukurasa wa kulia anachopaswa kufanya mtumishi, na mtumishi akishausikia msemo lazima atekeleze neno kwa neno, awe anaelewa au haelewi. Msemo Namba Moja peke yake ulianza na mtumishi. Yeye atauliza *Hau a yu*, yaani habari yako, na mwananchi atajibu *Fain, thenk yu*, yaani nzuri, ahsante. Basi.

Hapo kwenye basi ndipo palipokuwa na balaa. Watu wa nchi ile wana tabia yao ya tangu zamani. Ukimuuliza mmoja wao habari, atakwambia nzuri, hata kama nyuma yake nyumba inaungua. Atasema nzuri kwanza, kwa sababu ndiyo adabu, kisha atapumua, kisha atasema ila. "Nzuri, ila mvua imetuangusha." "Nzuri, ila mama tumemzika jana." Habari yenyewe hukaa baada ya ila, na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo anayeuliza husubiri. Kitabu hakikuwa na ila. Wajumbe hawakuisikia hotelini, au waliisikia wakati wanakula.

*

Kitabu kilizinduliwa Jumamosi katika uwanja wa mpira wa mji mdogo wa Mbugani. Jukwaa la mbao lilijengwa kwa ajili ya Mheshimiwa kusimama dakika kumi na mbili. Shughuli ilipokwisha, jukwaa lilibomolewa haraka kabla ya jua kuzama. Mbao zilikwenda kwa diwani na misumari ilibaki kwa wananchi.

Msumari mmoja ulimpata Mzee Mbaruku, fundi wa kushona magodoro, alipokuwa anakatiza uwanjani kesho yake. Ulipita kandambili, ukaingia unyayoni, ukavunjikia humo humo. Jumatatu mguu ulivimba. Jumanne ulikuwa umejaa mpaka kwenye goti, unang'aa, na mkewe, Bi Sikudhani, aliona rangi ambayo hakuipenda ikipanda kwenye muundi.

Bi Sikudhani alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Miaka thelathini na sita alikuwa ameishi na Mzee Mbaruku, akimgombeza kila siku, na hakuwa na nia ya kuacha. Alimpakia kwenye toroli la jirani na kumsukuma mpaka hospitali.

Kwenye meza ya mapokezi alikaa Nesi Stumai, binti wa pale pale Mbugani ambaye Bi Sikudhani alimjua tangu hajaota meno. Nyuma yake, kwenye kiti kirefu, alikaa Mkaguzi wa Misemo mwenye filimbi shingoni.

"Hau a yu?" Nesi Stumai alimuuliza Mzee Mbaruku huku macho yake yako kwenye mguu.

Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa adabu. Alikaza meno. "Fain, thenk yu," akajibu, akapumua, akafungua mdomo. "Ila..."

Filimbi ililia. Watoto wakaanza kulia nayo.

"Msemo umekwisha!" Mkaguzi alisema. "Andika."

Nesi Stumai aliandika kwenye daftari: fain. Juu ya jina la Mzee Mbaruku kulikuwa na majina mia mbili na kumi ya siku ile, na yote yalikuwa fain. Bwana mmoja aliyeletwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa alikuwa fain. Mama mmoja uchungu ulimkatiza baada ya fain, kabla hajafika kwenye thenk, na huyo aliandikiwa kosa la kutomaliza msemo.

"Stumai, mwanangu," Bi Sikudhani alinong'ona, akijifanya anamfunga mumewe shuka, "mguu huu umeuona."

"Nimeuona, mama. Mimi naandika anachosema tu. Ukifika Jumamosi bila sindano, mguu unaondoka." Alishusha sauti zaidi. "Na mwenyewe naye anaufuata."

*

Jumatano Bi Sikudhani alikwenda kwa Mwalimu Chogo. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa bahati yake mbaya alijua Kiingereza chote, chenye mvua, majembe na kuharisha. Kitabu kilipotoka aliandika barua ya adabu kwa Wizara akaeleza kwamba kuna maneno yamesahaulika. Wizara ilimjibu kwa kumtumia askari wawili. Tangu siku hiyo alikatazwa kutamka chochote kisichokuwa katika misemo themanini na minne, maana kingine chote kilikuwa Kiingereza cha magendo.

"Nataka maneno ya mume wangu kuumwa," Bi Sikudhani alimwambia. "Machache tu. Sitasema nimeyatoa wapi."

Mwalimu Chogo aliangalia barabarani, akamwingiza kwenye banda la kuku, akamnong'oneza: *Mai hazbandi iz siki.* Bi Sikudhani aliyarudia mpaka kuku wakazoea. Alirudi nyumbani akiyataja njia nzima chini chini, na usiku alimtajia mumewe, ambaye alikuwa na homa akamjibu kwamba leo hakupika vizuri.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya meza peke yake, akavuta pumzi, akayasema yote manne kwa sauti yake ile kubwa.

Nesi Stumai alifungua kitabu. Alipekua kutoka mwanzo, alipekua kutoka mwisho. Uso ukamshuka. "Hayamo, mama."

Mkaguzi alipuliza filimbi mpaka akakohoa. "Magendo! Mwanamke huyu amesema neno la kuumwa! Katika hospitali!"

Adhabu ya magendo ilikuwa kusimama ukutani na kusoma kitabu chote kwa sauti, kushoto na kulia, mbele za watu. Bi Sikudhani alisoma akiwa na hasira ya kutafuna mawe. Alisoma msemo wa mto laini zaidi. Alisoma msemo wa kuomba mwavuli. Kila akigeuza ukurasa alikuwa anaona mguu wa mumewe, na alimchukia kila mjumbe wa wale kumi na tisa, mmoja mmoja, kwa majina ya kubuni kwa kuwa hakuyajua ya kweli.

Alipofika Namba Ishirini na Tatu alinyamaza.

"Soma!" Mkaguzi alisema.

Akasoma. Kushoto: *Ai hev a rezavesheni*, nimeshawekewa nafasi. Kulia: mtumishi ataitikia kwa tabasamu na kumpeleka mhusika kitandani mara moja, kwa heshima zote, bila swali. Akaendelea, safari hii kwa sauti tamu kiasi kwamba Mkaguzi alidhani amejirekebisha. Namba Thelathini na Moja: *Rum sevisi*. Kulia: mtumishi atafika chumbani na kuleta chochote anachohitaji mgeni, saa yoyote. Na mwisho kabisa, Namba Themanini na Nne, uliokuwa umewekewa nyota kwa kuwa uliletwa na Mheshimiwa Waziri binafsi.

Bi Sikudhani alifunga kitabu, akamshukuru Mkaguzi kwa elimu, akaondoka mbio.

*

Ijumaa toroli lilirudi. Mzee Mbaruku alikuwa amevalishwa koti lake la harusi na kofia ya kufuma, na midomo ilimkauka kwa homa.

"Hau a..." Nesi Stumai alianza.

"Ai hev a rezavesheni," alisema Mzee Mbaruku, kama alivyokaririshwa usiku kucha.

Nesi Stumai alifungua ukurasa wa kulia, akausoma mara mbili, na tabasamu lililotakiwa kisheria likamjia lenyewe. Mkaguzi alinyanyua filimbi, akaiteremsha, akapekua, akaona muhuri wa serikali.

Kitanda kilichokuwa kitupu katika hospitali nzima kilikuwa kimoja. Kilikuwa katika chumba chenye feni, jokofu na pazia la zambarau, kilichotengwa kwa ajili ya Mheshimiwa Waziri iwapo siku moja atapitia Mbugani akiwa na mafua. Huko ndiko alikolazwa Mzee Mbaruku, fundi magodoro, na alipokaa tu alibonyeza godoro akasema limeshonwa ovyo.

"Nyamaza, Baba Shani," mkewe alisema. "Sema ule mwingine."

"Rum sevisi!"

Daktari alikuja anakimbia. Alikuwa amekaa wiki nzima ofisini bila mgonjwa, akiangalia mikono yake. Alipasua, akatoa kipande cha msumari wa serikali, akasafisha, akachoma sindano, akaandika nyingine kila siku kwa siku saba. Bi Sikudhani alitoka nje akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kisha akarudi ndani kumgombeza mumewe kwa kutoangalia anapokanyaga.

*

Jumatatu Mheshimiwa Waziri alikuja, lakini bila mafua. Alikuja na waandishi wa habari, kamera za matangazo ya moja kwa moja, na takwimu.

"Ndugu wananchi," alisema akiwa kwenye ngazi za hospitali, "tangu kitabu kitoke, watu wote waliofika katika hospitali zetu, nasema wote, wamekutwa wazima. Hata nchi za wenzetu hazijafikia hapo. Kwa mafanikio haya hospitali hazihitajiki tena. Hii ya Mbugani itakuwa ya kwanza kugeuzwa hoteli, ili mwananchi apate mahali pa kukitumia Kiingereza chake."

Watu walipiga makofi, wengine kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umevunjika. Kisha Mheshimiwa alitaka kuwaonyesha waandishi chumba cha mfano. Aliongoza msafara, akasukuma mlango wa chumba chake mwenyewe, akamkuta humo mzee mwenye mguu juu ya mto, anakunywa uji.

Kamera zilikuwa zinawaka. Mheshimiwa alitabasamu kama alivyozoea. "Hau a yu?"

Bi Sikudhani alikuwa kando ya kitanda. Nchi nzima ilikuwa inatazama. Zilikuwa zimebaki sindano nne. Mumewe akijibu Msemo Namba Moja ataandikwa fain na kutolewa nje kwa toroli, na mguu ule haukuwa umekubali bado. Alimfinya.

Mzee Mbaruku aliweka kikombe chini. "Pliz du nat distabu," akasema kwa upole.

Ule ndio ulikuwa Msemo Namba Themanini na Nne, wenye nyota, ambao Mheshimiwa aliunakili kutoka kwenye kibao alichokitundika mlangoni kwake hotelini kwa siku zote kumi na nne: tafadhali, usinisumbue. Ukurasa wa kulia ulisema hivi: mtumishi, awe wa ngazi yoyote, atarudi nyuma, atafunga mlango taratibu, na kuondoka kwa ncha za vidole. Chini yake kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa yake.

Mheshimiwa aliangalia kamera. Kamera ilimwangalia. Alirudi nyuma, akafunga mlango taratibu, na nchi nzima ikamwona Waziri wa Lugha za Wenzetu akitembea kwa vidole kwenye ukumbi wa hospitali, na nyuma yake mkuu wa wilaya, diwani, walinzi wanne na Mkaguzi wa Misemo, wote kwa vidole.

*

Usiku huo nchi nzima ilikisoma kitabu upya, na Jumanne hospitali zote zilijaa watu wenye rezavesheni. Iliwachukua wakubwa siku tano kukutana, kwa sababu kwanza ilibidi wapange chai, na siku ya sita toleo jipya la kitabu lilitoka likiwa na misemo themanini na mmoja, ile mitatu ya Mzee Mbaruku imefutwa. Siku hiyo Mzee Mbaruku alikuwa anatoka hospitali kwa miguu yake, na fimbo, akilalamika kuhusu lile godoro.

Hospitali ya Mbugani iligeuzwa hoteli mwezi huo huo. Nesi Stumai alipewa aproni na sinia. Wagonjwa walibaki majumbani kwao wakiwa fain, na wengine walizikwa wakiwa fain, na daftari la serikali halikuchafuka.

Kisha kifua kikambana Mheshimiwa Waziri. Hospitali zake zote zilikuwa hoteli, tena za kwake, na humo kulikuwa na kahawa tu. Ikabidi apelekwe ng'ambo, kwa wenye lugha, na Nesi Stumai akachukuliwa kwenye msafara kwa sababu alikumbukwa kuwa aliwahi kuwa nesi. Mkaguzi na filimbi yake alikwenda pia.

Stumai aliporudi alimsimulia Bi Sikudhani yote, wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele.

"Daktari wa huko alikuja, mama, kijana mpole. Akamuuliza Mheshimiwa, Hau a yu?"

"Akajibu?"

"Fain, thenk yu. Kisha akapumua, akanyamaza. Unaelewa? Akawa anasubiri."

Bi Sikudhani aliacha mchele. "Anasubiri aulizwe ila."

"Ila yake ilikuwa hapa." Stumai aligusa kifua chake. "Alikuwa anatoka jasho, anamwangalia yule daktari machoni. Lakini wale hawana tabia hiyo. Yule kijana alifurahi, akampa mkono, akaandika, akatoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mheshimiwa akababaika, akatoa yote aliyokuwa nayo. Mo kofi, pliz. Wakamletea kahawa. Wea iz the swimingi puli? Wakampeleka akalione."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi ningesema nini? Ningekuwa nimeyashika yale maneno yako ya banda la kuku ningeyasema, filimbi ilie itakavyo. Nilikuwa na misemo themanini na mmoja tu, na hamna hata mmoja wa kuumwa." Stumai alichagua jiwe kwenye mchele akalitupa mbali. "Alikufa kando ya bwawa, na joho lake."

*

Serikali ilitangaza siku saba za maombolezo na kufungua Kitabu cha Majonzi katika kila mji. Mbugani kiliwekwa uwanja wa mpira, juu ya jukwaa jipya. Kila mwananchi alitakiwa kupita, aulizwe Msemo Namba Moja, na jibu lake liandikwe chini ya picha ya marehemu.

Bi Sikudhani alipita na mumewe, ambaye alikuwa anaangalia chini kwa makini kila hatua. Kwenye meza alikuwa Mkaguzi wa Misemo, macho mekundu, filimbi imefungwa kitambaa cheusi.

"Hau a yu?" alimuuliza.

Bi Sikudhani aliitazama picha. Alimtazama mumewe, amesimama kwenye miguu miwili.

"Fain, thenk yu," akasema.

Mkaguzi hakuandika. Alikuwa ni mtu wa nchi ile ile naye, na msiba ulikuwa umemlegeza. Kalamu ilibaki hewani, akiwa anamsubiri mama wa watu apumue, amalizie habari. Alisubiri sana. Mwishowe akasahau sheria, akasahau filimbi, akauliza kwa lugha ya nyumbani:

"Ila?"

"Hakuna ila, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Andika."